Kazi Aliyokuwa Akifanya Baba

6 Februari

Dada,

Salamu utazikuta chini. Najua ukifungua barua unatafuta kwanza habari ya kifua, basi ndiyo hii: tangu tushuke kwenye basi mpaka leo, siku ya tisa, Kasuku hajakohoa usingizini hata mara moja. Ile filimbi iliyokuwa ikilia kifuani mwake imenyamaza. Anaamka, anaongea, anakula huku anaongea, analala katikati ya neno. Jina nililompa halikukosea.

Chumba ni kimoja, kikubwa, sakafu ya saruji, dirisha linatazama uani. Kodi ni nusu ya ile tuliyokuwa tukilipa huko kwenye baridi. Kuta zimetafunwa na chumvi, ukiegemea unaondoka na chokaa mgongoni. Bahari iko dakika tano kwa mguu, nyuma ya kiwanda cha barafu, na kiwandani wamenichukua niwe mlinzi wa geti mchana. Joto lenyewe, Dada, ni la kukaa na fulana tangu asubuhi. Daktari alisema kweli, mtoto huyu alihitaji joto tu.

Jumamosi sokoni walimkamata mtu aliyeiba redio. Walimpiga ovyo, kila mtu na teke lake, kichwani, mpaka damu ikamtoka masikioni. Watu hawa hawajui kitu. Mtu ukimpiga kichwani anazimia na hasemi. Ukimpiga nyayoni anasema. Nilimwambia hivyo mzee mmoja aliyesimama karibu yangu, akanitazama, akasogea. Kasuku nilikuwa nimemfunika macho kwa kofia yangu.

Jirani yetu ni fundi makochi. Mkewe ni mpishi wa shule. Karakana yake imegusana na ukuta wetu, kutwa tunasikia nyundo. Siku ya kwanza nilipomsalimu alikuwa na misumari mdomoni. Alinitazama muda mrefu, halafu akaitikia kwa kichwa. Si mtu wa maneno. Kasuku atamponya.

Salamu sasa. Nyingi.

Mdogo wako

*

19 Februari

Wewe mtu,

Siku tisa! Mtoto niliyemlea tangu mama yake azikwe, umemtia kwenye basi kama furushi, na mimi nakaa siku tisa nasikiliza cherehani peke yangu. Ungekuwa karibu ningekutwanga na futi ya kupimia.

Nimefurahi kuhusu kifua. Nimefurahi mpaka nikashona suruali ya mteja miguu yote miwili ya kushoto. Lakini dawa yake ya kuvuta isiwe mbali naye. Aifunge shingoni kwa kamba, hata akikataa. Namtumia magauni mawili mepesi na kanga yangu ya kujifunika.

Sasa kuhusu yule mwizi. Hayo ya nyayo umeyajulia wapi? Miaka kumi na saba unaniambia uko stoo ya gereza, unagawa blanketi na kuhesabu sabuni. Mtu wa stoo anajuaje mwili unasema ukiguswa wapi? Nijibu, usiruke.

Bahasha nimeandika "Afande" kwa mazoea. Mtu wa posta na akupigie saluti.

Dada yako

*

3 Machi

Dada,

Magauni yamefika, Kasuku amevaa yote mawili kwa pamoja. Ya nyayo niliyasikia kwa wenzangu. Watu wakikaa kantini wanaongea mengi.

Nikwambie kabla hujaambiwa na mtoto: nimepigana na muuza maji. Alimsukuma Kasuku kwenye foleni, ndoo ikamwagika. Nilimwomba amwombe msamaha, akacheka. Meno yake mawili yalibaki pale bombani. Ningeendelea, Dada, sikufichi, mkono ukishaanza unapata raha yake. Aliyenizuia ni fundi. Alinishika kutoka nyuma, akaniambia sikioni, polepole, "Inatosha, afande."

Nilidhani ameisoma bahasha yako.

Kasuku sasa anashinda karakanani. Fundi humpa vipande vya sponji, anajenga navyo nyumba. Humwita "Bosi." Jana nilimfuata, nikasimama mlangoni nikimtazama yule bwana akifanya kazi. Anagonga nyundo kwa mkono wa kushoto. Wa kulia anautumia kushikilia kitambaa tu, kwa kiganja, maana vidole vitatu havikunji. Na unamjua Kasuku, akauliza palepale, "Fundi, mbona vidole vyako viko hivyo?"

Fundi akatema misumari kiganjani. Akasema, "Nilibanwa na mlango."

Alimjibu mtoto, lakini macho aliyaweka kwangu.

Leo naishia hapa. Mkono umechoka.

Mdogo wako

*

9 Machi

Dada,

Najua hujajibu ile nyingine. Hii ni fupi. Usiandike tena "Afande" kwenye bahasha. Pili, kile chumba chetu kimepangishwa? Kama bado, zungumza na mwenye nyumba. Kuna mtu hapa niliyemfahamu kazini, na anakaa karibu mno na sisi. Haniambii kitu. Angesema neno ningejua pa kuanzia. Anasalimia, anatabasamu na mtoto, basi.

Rungu langu la zamani nilikuwa nimelitia chini kabisa ya sanduku. Sasa liko nyuma ya mlango.

Mdogo wako

*

20 Machi

Mdogo wangu,

Nimezisoma zote mbili nikacheka mpaka wateja wakaniuliza. Mtu uliyemfahamu kazini, anakaa karibu mno, anatabasamu na mtoto! Ni yule mwanamke wa kantini ya gereza uliyekuwa ukimtaja kila siku, usinifiche. Umemkimbia mwanamke kutoka milimani mpaka baharini, naye amekuja na begi lake. Mwoe au mwambie ukweli. Lakini rungu la nini? Acha upuuzi.

Chumba kimepangishwa. Na hata kingekuwa wazi, nisingekuombea. Umesahau Julai? Mimi sijasahau. Midomo yake ilikuwa rangi ya wino, nikambeba mpaka hospitali na kandambili mguu mmoja. Daktari alisema baridi moja zaidi kama ile hatutamrudisha. Mtoto anapumua huko. Kwa hiyo mtabaki huko, na aibu yako utaimeza huko huko. Usithubutu kunirudishia mtoto huyu kwenye baridi kwa ajili ya mambo yako ya kiume.

Mwambie shangazi yake anamshonea suti ya kuogelea. Ameniandikia ukurasa mzima kwamba anataka kujifunza.

Dada yako

*

4 Aprili

Kwa Shangazi wa Kasuku,

Hunijui. Mimi ni fundi makochi, jirani ya mdogo wako. Anwani nimeikuta nyuma ya bahasha zako. Naandika kwa kuwa siwezi kusema, taya limefungwa waya. Usishtuke, nianze na la muhimu: mtoto yuko hai, yuko kwetu, mke wangu analala naye. Mdogo wako yuko mahabusu.

Ilikuwa Jumapili, saa saba mchana. Mtoto alikuwa ameomba wiki nzima afundishwe kuogelea, na nesi wa zahanati alisema kuogelea kutampanua mapafu. Mke wangu alimwomba baba yake ruhusa. Alikataa, bila kusema kwa nini. Mtoto alitufuata ufukweni hata hivyo, na sisi hatukumrudisha. Hilo ni kosa letu la kwanza.

Nilimfundisha kuzamisha kichwa. Naweka kiganja utosini, anazama, nahesabu moja, naondoa mkono, anaibuka anacheka. Tulifanya mara nne au tano. Kisha baba yake akatokea nyuma ya kiwanda cha barafu na rungu mkononi. Hakupiga kelele. Aliingia majini na viatu. Pigo la kwanza lilivunja taya, la pili bega. Nilianguka, akanikalia kifuani, akanishika koo na kunisukuma chini. Maji yalikuwa ya magotini tu, lakini mtu hahitaji mengi. Nilimeza mchanga. Niliziona nyayo za mtoto karibu na uso wangu, zikirukaruka, na nikasikia sauti yake kwa juu, kama inatoka chumba kingine, "Baba, ananifundisha! Baba, ananifundisha!" Halafu haikusikika tena.

Wapakiaji wa barafu ndio waliomng'oa juu yangu. Walimpiga na wao mpaka akaacha kujikunja. Wakati huo mtoto alikuwa amekaa mchangani, mdomo wazi, hewa haiingii. Dawa ilikuwa shingoni kwa kamba, lakini hakuweza kuifungua. Mke wangu aliifungua kwa meno, akamvutisha, kisha akambeba mgongoni mpaka zahanati, mbio, mtu mzima yule mwenye magoti mabovu. Sasa anapumua vizuri. Ila haongei. Siku ya saba leo, anaonyesha kwa kidole tu.

Sasa sikiliza na haya, maana utayasikia mahakamani na ni bora uyapate kwangu. Nilifungwa miaka miwili kwa kununua vitambaa vya wizi. Nilivinunua kweli. Katika gereza lile mdogo wako ndiye aliyekuwa akiuliza maswali. Kiliokotwa kisu selo kwetu, kijiko kilichosuguliwa sakafuni. Hakikuwa changu. Aliniweka vidole kwenye fremu ya mlango wa chuma, akauliza ni cha nani. Nikasema sijui. Akaufunga. Akaufungua, akauliza tena. Mara ya pili nilitaja jina, jina lolote lililonijia, la mtu aliyelala jirani yangu. Yule bwana akaitwa, na selo hakurudi. Mimi nilipelekwa kwa daktari na maneno ya kusema: nilibanwa na mlango.

Mdogo wako nilimtambua siku aliposhuka na masanduku. Yeye hakunitambua. Kwake nilikuwa namba. Juma lile la kwanza nililinoa shoka dogo la kukatia mbao mpaka mke wangu akaniuliza nitamkata nani. Halafu mtoto akaingia karakanani kuomba sponji, nikampa. Sikumsamehe baba yake, usinielewe vibaya. Nilitaka anikumbuke. Nilitaka aje aseme yeye, kwa mdomo wake. Ningemsubiri hata miaka.

Na kuna jambo moja ambalo mke wangu halijui. Ile mara ya mwisho, mkono wangu ukiwa utosini mwa mtoto, nilimwona baba yake amesimama pale juu ufukweni. Nilikuwa nimeshahesabu moja. Sikuutoa mkono. Nilihesabu mbili. Ile ya pili haikuwa ya kumfundisha mtoto kitu. Nilitaka baba yake aone.

Njoo umchukue mtoto, au njoo ukae naye. Mwenyewe utaamua.

Fundi

*

15 Aprili

Kwa Fundi,

Nauza cherehani moja, nabaki na moja. Nafika Jumatano na basi la mchana. Mwambie mkeo ameniokolea roho yangu, nitampigia magoti nikifika.

Na wewe nitakuja kukutazama usoni. Sijui bado nitakwambia nini. Barua yako nimeisoma mara nyingi, na kila nikifika kwenye ile "mbili" nataka kukuvunja taya upya. Kisha narudi juu, kwenye habari ya mlango wa chuma.

Usiniandikie tena. Tutaongea.

Shangazi wa Kasuku

*

22 Aprili

Dada,

Nimeambiwa umefika. Niliandika barua tatu nikachana, hii nitaipeleka ilivyo.

Uliniuliza ya nyayo nikakudanganya. Sikuwa stoo hata siku moja. Blanketi sikugawa. Kulikuwa na chumba mwisho wa korido, na mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo wake. Walionipa kazi ile walisema nina moyo wa kazi. Nilipandishwa cheo mara mbili. Jioni nilikuja kwako, nikanawa, nikambeba Kasuku mabegani. Mwanangu sijawahi kumpiga hata kofi, unajua. Nilidhani hilo linatosha, kwamba mtu anaweza kuwa na mikono miwili ya namna mbili.

Fundi nilimtambua aliposema mlango. Maneno yale nilikuwa nawakaririsha mimi. Kuanzia siku ile nilikuwa namtazama kila anapomgusa mtoto kichwani, anapomkabidhi mkasi, nikingoja. Ningeweza kwenda karakanani nikasema, ndiyo, ni mimi. Hatua sita kutoka mlango wangu. Nilipima. Nilifika mara moja mpaka kizingitini, nikauliza bei ya kochi.

Jumapili ile niliona kiganja kile chenye vidole vilivyokufa kiko juu ya kichwa cha mwanangu, na kichwa hakitoki majini. Nikasema moyoni, zamu yake imefika. Ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo. Ndiyo maana niliamini upesi.

Humu mahabusu wapo wawili walionifahamu kule gerezani. Wamenivunja mbavu, sijui ngapi, na sikio la kushoto linavuma. Hawakuuliza swali lolote, maana hawakuwa na haja ya jibu. Askari wa zamu, kijana niliyemfundisha kazi kabla hajahamishiwa huku, aliniuliza kama nataka chumba cha peke yangu. Nilisema ndiyo. Ningependa kukwambia nilikataa nikakaa nao. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza kuuliza.

Usimlete Kasuku hapa. Mwambie baba anaumwa.

Mdogo wako

*

30 Juni

Mdogo wangu,

Miaka mitano umeisikia mwenyewe, sina haja ya kuirudia. Na uliyoyasikia kwa fundi, ile hesabu yake, usidhani wakili wako ndiye aliyeyachimba. Nilikuwa nayo kwa maandishi tangu Aprili. Nilimrudishia barua yake mkononi nikamwambia, haya uliyoniandikia mimi, kamwambie hakimu. Alikaa nayo siku tatu. Mkewe alipoyasikia pale kizimbani alitoka nje, na mpaka leo anampakulia chakula bila kumtazama. Bila yale maneno ungepewa kumi. Simpendi kwa hilo, ila nalijua.

Na langu mimi nikwambie. Sare zako nilizifua mimi kwa miaka kumi na saba. Mikono ya shati ilikuja na damu, ukasema mmechinja mbuzi wa askari. Mbuzi kila wiki! Nilikuwa naloweka kwenye chumvi, nasugua, naanika, na nikimaliza nakuuliza utakula nini. Kwa hiyo sikuja huku nikiwa msafi.

Tumebaki katika chumba kile kile. Kodi naiweza, kifua cha mtoto ni kizima, na mimi nimeacha kuvaa soksi. Nashona foronya za makochi ya fundi. Tunaongea kuhusu vitambaa tu, hiki kikaze, hiki kinachuja rangi. Siku nyingine ananitazama nami namtazama, tunarudi kwenye vitambaa.

Kasuku alianza kuongea wiki ya pili baada ya kufika kwangu. Neno la kwanza lilikuwa kunilaumu kwa kusahau mto wake. Haongei kama zamani. Anachagua.

Uliniambia nimwambie unaumwa. Nilimwambia hivyo miezi miwili. Juzi alikuja nikiwa natunga uzi kwenye sindano, akasimama mbele yangu. "Shangazi, baba alikuwa anafanya kazi gani?" Nikasema askari. Akasema, "Hiyo najua. Alikuwa anafanya nini?"

Nikamwambia. Si yote, lakini sikudanganya. Nikamwambia na habari ya mlango, maana vidole anaviona kila siku. Hakulia. Alikaa chini, akawa anaokota vipande vya uzi sakafuni, kimoja kimoja. Halafu akauliza, "Na wakilia, alikuwa anaacha?"

Mimi sikuwepo, siwezi kumjibu. Nimemwambia nitakuuliza. Ameanza darasa la tatu, anasoma mwandiko wowote, kwa hiyo usimpitishie kwangu. Mwandikie yeye.

Dada yako

*

18 Julai

Mwanangu,

Shangazi ameniletea swali lako. Nimekaa nalo siku kumi na moja, na karatasi niliyopewa ni hii moja, kwa hiyo siwezi kuichana.

Hapana. Walikuwa wakilia, na nilikuwa siachi.

Baba